Akaunti yako ikipigwa tanji kwa ajili ya kripto: jua kwanza nani ameifunga

Ndizi za Kisii twazila Mombasa, na watoto wetu wa Pwani twawapeleka Kisii kusoma. Kwa hivyo akaunti ya benki ikipigwa tanji mjini Kisii, Keroka au Nyamira, hiyo si habari ya mbali. Aliyefungiwa huenda ni kijana wa Likoni aliyeko chuoni, na pesa zilizokwama huenda ni karo aliyotumiwa na mamake wiki iliyopita.

Mambo huanza hivi. Mtu aenda kwa wakala kutoa pesa, muamala wakataliwa. Ajaribu mashine ya ATM, nayo yakataa. Afika kwenye tawi la benki, karani atazama kompyuta, amwita mwenzake, kisha amwambia: "Akaunti yako ina kizuizi. Subiri makao makuu." Akiuliza sababu haambiwi. Ikiwa katika miezi ya karibuni amekuwa akiuza au kununua sarafu za kidijitali, ambazo wengi twaziita kripto, sababu huenda iko hapo.

Makala haya yaeleza kwa nini jambo hili hutokea na hatua za kufuata. Jambo la kushika kuliko yote ni moja: kabla hujaandika barua wala kutafuta wakili, jua nani hasa aliyeifunga akaunti. Benki yaweza kuifunga yenyewe. Polisi waweza. Shirika la Kutwaa Mali nalo laweza. Kila mmoja ana mlango wake, na anayegonga mlango usiohusika hupoteza miezi bure.

Maneno ya kujua kwanza

*Kripto* ni mali ya kidijitali inayohifadhiwa na kutumwa kwa mtandao. Bitcoin ndiyo iliyotangulia. USDT ni aina ambayo thamani yake hufungamanishwa na dola ya Marekani, na ndiyo wengi wanaofanya kazi za mtandaoni hulipwa.

*Biashara ya mtu kwa mtu*, ambayo vijana huiita P2P, ni pale muuzaji na mnunuzi wanapokutana kwenye jukwaa la mtandaoni. Jukwaa lashikilia kripto, mnunuzi atuma shilingi moja kwa moja kwenye M-Pesa au akaunti ya benki ya muuzaji, kisha muuzaji athibitisha na kripto yaachiliwa. Shilingi hazipiti mikononi mwa jukwaa. Zatoka kwa mtu usiyemjua hadi kwako.

*Kupigwa tanji* ni akaunti kuzuiwa kwa muda: pesa zimo, ni zako, lakini hazitoki. Hili si sawa na *kufungwa kwa akaunti*, ambako benki yavunja uhusiano na wewe na yapaswa kukupa salio lako. Pia kuna *kizuizi cha kiasi*, ambapo benki yashikilia kiasi chenye mgogoro tu na kukuachia kilichobaki. Kumbuka neno hili la mwisho, tutalirudia.

Sheria ya Kenya yasemaje?

Wengi wakifungiwa akaunti hudhani wameshikwa na kosa la jinai kwa kumiliki kripto. Sivyo. Kenya haina sheria inayomkataza mtu binafsi kumiliki, kununua au kuuza kripto yake. Lakini historia ya benki na kripto ni ya kushukiana tangu mwanzo.

Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya, CBK, ilitoa tahadhari kwa umma kwamba sarafu kama Bitcoin si pesa halali ya nchi na kwamba atakayepata hasara hana kinga. Mwezi huo huo ikazipelekea benki waraka kuzionya zisishughulike na sarafu hizo, wala zisiwafungulie akaunti wanaozishughulikia. Kwako wewe na mimi ile ilikuwa tahadhari tu. Kwa benki, ambayo leseni yake yatoka CBK, waraka ni neno zito.

Mwaka huo huo suala hili likafika kortini. Kampuni ya BitPesa, iliyokuwa ikibadilisha Bitcoin na shilingi, ilitumia M-Pesa kupitia kampuni nyingine iitwayo Lipisha Consortium. Safaricom ikasimamisha huduma, ikitaja kukosekana kwa idhini ya CBK. Lipisha na BitPesa wakaenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba huduma zirudishwe wakati kesi ikisubiri kusikizwa. Desemba 2015 mahakama ikakataa kutoa amri hiyo. Funzo kwa mteja wa kawaida ni kwamba korti haikimbilii kumrudishia mtu huduma pale mtoa huduma anapoonyesha hofu ya kweli kuhusu leseni na utakatishaji wa pesa. Ukienda kortini nenda na ushahidi, usiende na malalamiko matupu.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin ili wapate sarafu zake. Wengi waliziuza kwa biashara ya mtu kwa mtu na kupokea shilingi kwa simu, na kwa wanafunzi wengi huo ndio ulikuwa mlango wa kuingia katika kripto. Septemba mwaka huo ushuru wa asilimia 3 kwa mauzo ya mali za kidijitali ukaanza. Sheria ya Fedha ya 2025 iliuondoa na kuweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada zinazotozwa na watoa huduma. Kulipa ushuru si kupewa leseni, lakini ni vigumu tena kudai kuwa biashara hii haitambuliki.

Kisha ikaja Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ya mwaka 2025. Rais alitia saini Oktoba, ikaanza kutumika Novemba. Sheria hii yagawa usimamizi kati ya CBK na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na yazitaka kampuni zinazotoa huduma za kripto kuwa na leseni. Mwezi huo wa Novemba, CBK na CMA zilitoa ilani kwamba hazikuwa zimempa yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Kwa hivyo anayekuambia "sisi tumeshapewa leseni na CBK" mwombe akuonyeshe, kisha thibitisha kwa CBK au CMA wenyewe.

Sheria hiyo yalenga watoa huduma, si mtu anayeuza USDT aliyolipwa kwa kazi yake. Lakini anayenunua na kuwauzia watu wengine kutwa kucha, kwa faida, kama duka, asijidanganye kuwa ni mtu binafsi tu. Huyo atafute ushauri wa wakili mapema, maana leseni hutolewa kwa kampuni.

Kwa nini benki hufungia akaunti?

Mara nyingi tatizo si kripto yenyewe bali shilingi zilizoilipia. Tuchukue mfano wa kubuni.

Kijana yuko Kisii, ana USDT alizolipwa kwa kazi ya mtandaoni. Aziweka sokoni kwa shilingi 38,000. Mnunuzi ajitokeza, jina lake kwenye jukwaa ni la mwanamume. Dakika tano baadaye shilingi 38,000 zaingia kwenye akaunti, lakini zimetoka kwa mwanamke. Mnunuzi aandika: "Hiyo ni namba ya mke wangu." Kijana aona pesa zimefika, aachilia kripto, biashara imekwisha.

Yule mwanamke si mke wa mtu yule. Ni mwalimu ambaye laini yake ya simu imeibwa asubuhi hiyo kwa ulaghai wa kubadilisha kadi ya simu, ule ambao umelifanya jina la Mulot, pale mpakani mwa Bomet na Narok, lijulikane nchi nzima. Mwizi hakutaka kuzitoa pesa kwa wakala, maana angeonekana. Alinunua kripto nazo, akatoweka. Mwalimu ameripoti kwa benki yake na kwa polisi. Benki zafuata nyayo za pesa, na nyayo zaishia kwenye akaunti ya kijana wetu. Yeye hakuiba, lakini ndiye wa mwisho aliyeonekana na pesa za wizi.

Sababu nyingine ni hizi:

- *Mapato yasiyolingana na maelezo.* Ulipofungua akaunti ulijaza kwamba wewe ni mwanafunzi au mkulima wa majani chai. Sasa kwa mwezi zaingia na kutoka shilingi laki tisa, kutoka kwa watu arobaini tofauti. Mitambo ya benki yatambua hilo bila hata mtu kukushtaki.
- *Pesa kuingia na kutoka papo hapo.* Akaunti ambayo haiweki akiba, yapitisha tu, hufanana na akaunti ya kutakatishia pesa.
- *Maelezo ya muamala.* Mtu akikutumia pesa na kuandika "USDT" au "bitcoin", benki yenye sera ya kutohudumia biashara hiyo yaweza kuuliza maswali.
- *Kuazimisha akaunti.* Rafiki akuomba "nipitishie pesa kwako kidogo". Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu huna maelezo yoyote ya kujitetea nayo.

Zaidi ya hayo, Februari 2024 shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa pesa, FATF, liliiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu. Tangu hapo benki zimekuwa na haraka ya kufunga na uzito wa kufungua.

Kwa nini benki hunyamaza?

Mteja huona ukimya wa karani kama dharau. Wakati mwingine ni dharau kweli. Lakini ipo sababu ya kisheria. Sheria ya mwaka 2009 ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Utakatishaji wa Pesa yailazimu benki kuripoti muamala wa kutiliwa shaka kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha, FRC. Sheria hiyo hiyo yafanya kuwa kosa la jinai kumdokezea mteja kwamba ripoti imepelekwa. Kwa hivyo ukimuuliza karani "mmeniripoti?", humpi nafasi ya kukujibu. Uliza maswali anayoweza kuyajibu, kama tutakavyoona.

Milango mitatu

*Mlango wa kwanza: benki yenyewe.* Benki imeweka kizuizi kwa mujibu wa masharti uliyotia saini, kwa sababu mitambo yake imeona jambo au kwa sababu benki nyingine imelalamika kuhusu pesa zilizokuja kwako. Hapa hakuna amri ya korti. Ufunguo wa mlango huu ni maelezo na karatasi: uonyeshe pesa zilitoka wapi na kwa nini.

*Mlango wa pili: polisi.* Mpelelezi wa DCI, Idara ya Upelelezi wa Jinai, ameenda kwa hakimu akapata amri ya kukagua akaunti na kuzuia pesa zisitoke. DCI ina ofisi Kisii na Nyamira, na ina kitengo maalumu cha ulaghai wa benki kinachofanya kazi na CBK. Lakini kumbuka mwalimu aliyeibiwa aweza kuwa Kitale au Voi, kwa hivyo amri yaweza kuwa imetoka korti ya huko. Hapa meneja wa tawi hawezi kukufungulia hata umlilie mchana kutwa. Ufunguo ni kuandikisha maelezo kwa mpelelezi, na ikibidi kuomba korti iliyotoa amri iibadilishe au iiondoe.

*Mlango wa tatu: Shirika la Kutwaa Mali, ARA.* Hili huenda Mahakama Kuu, kwa kawaida Nairobi, kuomba amri ya kuhifadhi mali inayoshukiwa kuwa mapato ya uhalifu. Amri hiyo hudumu siku 90, na hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kabla siku hizo kwisha, ARA yapaswa kufungua ombi la kutwaa mali yenyewe, la sivyo amri yakwisha. Ombi likifunguliwa, kizuizi chaendelea hadi kesi iamuliwe. Ukikuta jina lako hapa usijiandikie barua mwenyewe. Tafuta wakili siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna muda maalumu wa kuijulisha korti kuwa unapinga.

Akaunti nyingi za vijana wa biashara ndogo ya mtu kwa mtu huwa kwenye mlango wa kwanza au wa pili. ARA hufuata fungu kubwa.

Hatua za kufuata

1. *Siku ya kwanza, usiharibu kitu.* Usifute jukwaa la kripto kwenye simu, wala jumbe, wala mazungumzo na mnunuzi. Piga picha za skrini: jina la mnunuzi kwenye jukwaa, namba ya oda, saa, kiasi, na ujumbe wa M-Pesa au benki. Zitume kwenye barua pepe yako ili simu ikiibwa zisipotee.

2. *Nenda kwenye tawi ukiwa na kitambulisho.* Nenda asubuhi, umwombe meneja wa tawi au afisa wa malalamiko. Zungumza kwa upole. Uliza maswali haya matatu: Je, kizuizi hiki ni cha benki au ni cha amri ya mahakama? Kama ni amri, ni korti gani na namba ya faili ni ipi? Je, kizuizi ni cha akaunti nzima au cha kiasi fulani? Andika majibu, jina la afisa na tarehe.

3. *Omba taarifa ya akaunti ya miezi sita.* Kila muamala wa kripto uweke alama. Kando yake andika namba ya oda ya jukwaa. Miamala ya karo, mshahara, bonasi ya majani chai au pesa za nyumbani uiweke alama nyingine.

4. *Peleka barua siku hiyo au ya pili yake.* Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wapige muhuri wa kupokelewa ukae nayo. Maneno ya mdomo hayana muhuri.

5. *Omba kizuizi cha kiasi.* Ikiwa mgogoro ni wa shilingi 38,000 na akaunti ina 214,000, iombe benki ishikilie 38,000 na ikuachie zilizobaki. Watu wengi hawajui kuomba hivi, nayo benki haitajipendekeza. Ikiwa kizuizi ni cha amri ya korti, ombi hili hupelekwa kortini.

6. *Kama kuna polisi, nenda ukaandikishe maelezo.* Nenda na wakili ukiweza. Ukipokea mali ya wizi bila kujua, hujatenda kosa la kushughulikia mali ya wizi, kwa sababu kosa hilo lahitaji uwe ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Lakini jina la mtumaji lililotofautiana na la mnunuzi ni swali utakaloulizwa. Jibu ukweli. Ukidanganya katika jambo dogo, hata lile la kweli halitaaminiwa.

7. *Weka tarehe ya kufuatilia.* Rudi baada ya siku saba, kisha kumi na nne. Kila ukirudi, andika ulichoambiwa.

Mfano wa barua

Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Una haki ya kuandika kwa Kiswahili. Barua iwe fupi:

*Kwa Meneja wa Tawi,*

*KUH: KIZUIZI KWENYE AKAUNTI NAMBA …*

*Mimi ni mteja wenu mwenye kitambulisho namba … . Tarehe … niligundua kuwa akaunti yangu imezuiwa. Naomba mnieleze kwa maandishi: (a) iwapo kizuizi kimewekwa na benki au kwa amri ya mahakama, (b) kama ni amri, korti na namba ya faili, (c) kiasi kinachogombaniwa.*

*Pesa zilizoingia tarehe … kiasi cha shilingi … zilikuwa malipo ya USDT niliyouza kwa mtu niliyempata kwenye jukwaa la mtandaoni. Nimeambatisha namba ya oda, picha za mazungumzo na uthibitisho wa jinsi nilivyoipata USDT hiyo. Sikujua wala sikushirikiana na mtu yeyote katika ulaghai, na niko tayari kusaidia uchunguzi.*

*Salio lililobaki ni karo na matumizi ya nyumbani, kama inavyoonekana kwenye taarifa niliyoambatisha. Naomba mshikilie kiasi kinachogombaniwa pekee na kuniachia kilichobaki.*

*Wako,*
*(jina, sahihi, namba ya simu, tarehe)*

Wengine hushauri usitaje kripto, useme umeuza simu au kuku. Usifanye hivyo. Benki yaweza kuwa tayari ina malalamiko yanayotaja kripto, na uongo wako utawekwa kwenye faili pamoja na sahihi yako.

Benki isipojibu

Malalamiko huanzia benki yenyewe: tawi, kisha idara ya malalamiko makao makuu. Wakinyamaza, peleka CBK ukiambatisha barua zako zenye muhuri. CBK ina mwongozo wa kulinda wateja ambao benki zote zapaswa kuufuata. Kumbuka tu kwamba CBK haiwezi kubatilisha amri ya korti. Yaweza kuibana benki inayomzungusha mteja bila sababu.

Waweza pia kutumia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Yakupa haki ya kuomba taarifa zako binafsi zilizoko mikononi mwa benki. Benki ikikataa bila msingi wa kisheria, walalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Njia hii haifungui akaunti, lakini husaidia kujua kilichoandikwa juu yako.

Kortini, Kisii na Nyamira zote zina mahakama za mahakimu na Mahakama Kuu, kwa hivyo si lazima safari ya Nairobi iwe ya kwanza. Katiba yalinda mali ya mtu katika kifungu cha 40 na yampa mteja haki zake katika kifungu cha 46. Ikiwa benki imefunga yenyewe, hakuna amri, na madai hayazidi shilingi milioni moja, uliza masjala kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hushughulikia pesa zilizoshikiliwa na mwingine na ambako waweza kujisimamia bila wakili. Asiye na uwezo wa wakili aulize Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Mzazi aliyeko Mombasa aweza kuanzia Kituo Cha Sheria, ambacho kina ofisi mjini humo.

Mitego ya kuepuka

Akaunti ikifungwa, wajanja hawakosi. Atakuja mtu akuambie ana ndugu makao makuu, mpe elfu kumi afungue. Mwingine atapiga simu akijifanya afisa wa benki akitaka namba ya siri "ili aondoe kizuizi". Hakuna kizuizi kinachoondolewa kwa namba yako ya siri.

Mwenye pesa zilizoibwa naye aweza kukupigia, kwa uchungu, akitaka umrudishie kutoka mfuko mwingine. Msikilize kwa heshima, maana naye ni mwenye kuumia, lakini usimtumie chochote kimya kimya. Malipo ya aina hiyo yapitie benki au mpelelezi, kwa maandishi, ili usilipe mara mbili wala kuonekana umekiri.

Wala usihamishie biashara kwenye akaunti ya mamako au dadako. Tanji moja itakuwa mbili.

Kwa atakayeendelea na biashara hii

Karo na pesa za nyumbani ziwe na akaunti yake, kripto iwe na yake. Jina la aliyetuma pesa lisipofanana na jina la mnunuzi kwenye jukwaa, usiachilie kripto. Ripoti kwa jukwaa na uombe oda isimamishwe, na pesa uziache zilipo mpaka jukwaa liamue. Usikubali hadithi ya mke, binamu wala mhasibu. Usiazimishe akaunti kwa yeyote. Ieleze benki mapema kwamba walipwa kwa kazi za mtandaoni, na usasishe maelezo yako. Kisha weka daftari: tarehe, namba ya oda, jina, kiasi, na kripto hiyo uliipataje.

Daftari hilo la shilingi hamsini ndilo litakalozungumza kwa niaba yako siku meneja au mpelelezi atakapouliza pesa hizi ni za nini. Wazee wetu walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wetu wa mfano angekuwa ameandika jina la mnunuzi na jina la mtumaji kwenye mstari mmoja, angeuona wizi kabla hajaachilia kripto yake, na karo ya mamake ingelipwa.